Binti wa Jaji Hajaposwa

Sura ya Saba

“Binti yangu hajaposwa.”

Sauti hiyo ilipenya mlango na kumkuta Sikander nje, mkono juu, hajagonga. Mkono wa pili ulishika vikombe viwili vya kahawa. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa makamo, nzito, isiyo na haraka, sauti iliyozoea kungojwa na watu. Ikafuatwa na minong’ono ya ukumbi mzima, halafu mwanamume mmoja akacheka, halafu nyundo ikagonga meza.

“Na huyo kijana wa Toronto,” sauti ikaendelea, “si wa ukoo wa Jalaludin. Akina Jalaludin nawajua kwa kesi yao ya kiwanja, basi. Hawana undugu na mtu yeyote anayekaribia nyumba yangu.”

Kahawa ilimwagika kidogo, ikamchoma kidole. Sikander hakuhisi.

Hajaposwa? Mwezi uliopita, mkahawani kule Richmond Hill, alikuwa amepiga goti mbele ya wageni wanaokula wali, akamvisha Phyllis pete, na Phyllis akalia mpaka mhudumu akaleta taulo. Na Jalaludin? Jalaludin lilikuwa jina la babu yake! Babu aliyembeba mgongoni pale Parklands, Nairobi, kabla hawajahamia Kanada. Mwanamke huyu amekaa mbele ya Bunge la nchi nzima, ameapa, na kwa pumzi moja amemnyang’anya mchumba na babu.

Akagonga. Akagonga tena, kwa ngumi.

Phyllis alifungua akiwa ndani ya sare yake ya uuguzi, nywele kazifunga nyuma, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nyuma yake, juu ya meza ya jikoni, kompyuta ilionyesha ukumbi wenye viti vya kijani na watu waliovaa suti, wakiinuka kwenda kunywa chai.

“Umesikia,” Phyllis alisema.

“Nimesikia. Jengo zima limesikia.”

“Ingia basi, majirani wanachungulia.”

“Niingie kama nani?”

“Sikander, usianze.”

“Nauliza tu. Mama yako ameapa. Mtu akiapa husema kweli. Sasa mimi hapa mlangoni ni nani? Mleta kahawa?”

Phyllis alimvuta mkono wa shati, akamwingiza ndani, akaufunga mlango kwa mgongo wake. Wakasimama hivyo, wamekaribiana, harufu ya sabuni ya Phyllis ikimpanda Sikander kichwani wakati hakuitaka kabisa impande. Akatazama kando. Phyllis akamtazama mdomo, kisha naye akatazama kando.

Siku zote walikuwa wameifanyia mzaha habari hii. Mama yake Phyllis, Jaji Zipporah Kemunto, alikuwa amependekezwa kuwa Naibu wa Jaji Mkuu, na sasa kamati ya Bunge ilikuwa ikimpiga msasa kwa maswali kabla ya wabunge wote kupiga kura Alhamisi. Sikander, ambaye dukani kwa baba yake aliuza misumari, rangi na msasa wenyewe, alikuwa ameuliza, “Wanampiga msasa namba ngapi? Ule wa mbao au ule wa chuma?” Phyllis alikuwa amecheka akiegemea bega lake. Naye, kwa vile fleti yake ilikuwa hatua chache kutoka barabara ya Parliament, alipenda kusema kwamba mama ana Bunge lake Nairobi na yeye ana Bunge lake Toronto, tofauti ni kwamba hili la Toronto hupitisha mabasi badala ya miswada.

Leo hakuna aliyecheka.

“Hujui walivyomuuliza,” Phyllis alisema. “Umefika katikati.”

“Waliuliza nini?”

“Yule mheshimiwa wa tai nyekundu, yule wa upande usiomtaka mama. Alisema, ‘Jaji, wewe ulimtoa Bwana Jalaludin kwenye kiwanja chake. Leo binti yako ameposwa na mtoto wa nyumba hiyo hiyo. Tuambie, ulikinyakua kiwanja mahakamani kiwe mahari ya mapema?’ Watu wakacheka. Walimcheka mama yangu, Sikander.”

“Naye akanikana.”

“Hakukukana! Sikiliza Kiswahili, wewe. Hakusema haposwi. Hakusema hataposwa. Alisema ha-ja-poswa. Kuna ‘ja’ pale. Ni ‘ja’ ya bado.”

“Loo! Sasa ni somo la sarufi.”

“Ni kweli au si kweli? Nani wa kwenu amekwenda kwa mama kuniposa? Nani amebisha hodi? Pete umenivisha wewe na mimi, na yule mhudumu wa taulo. Hiyo kwa mama yangu si posa. Posa ni watu. Yeye ni jaji, anapima maneno yake kama wewe unavyopima misumari.”

Lilikuwa jibu zuri, na hilo lilimuudhi Sikander zaidi.

“Sawa. Ya posa nimekuachia. Na babu yangu?”

“Babu yako amefanya nini?”

“Mama yako amesema mimi si wa ukoo wa Jalaludin.”

“Si wewe ni Madatali? Sikander Madatali. Nimeliona jina hilo kwenye leseni yako ya udereva.”

“Madatali ni jina la baba yangu! Baba ni Madatali Jalaludin. Kwetu mtoto huchukua jina la baba yake, halafu mtoto wake huchukua la kwake. Ndugu yake baba ni Bahadur Jalaludin. Mimi ni Sikander Madatali. Mwanangu ataitwa fulani Sikander. Sisi ndio akina Jalaludin, Phyllis. Wote.”

Kiatu kilimtoka Phyllis mkononi, kikaanguka.

“Bahadur Jalaludin,” alisema polepole. “Mzee Bahadur Jalaludin wa kile kiwanja cha Ngara?”

“Ndiyo. Bahadur kaka. Nilikuambia habari zake siku ya kwanza tulipokula pamoja. Nilikuambia Bahadur kaka yuko Nairobi, ana hasira za karibu, alipoteza kiwanja kortini na mpaka leo anamlaani ‘yule mama.’ Hakuwahi kumtaja jina. Ningejuaje kwamba ‘yule mama’ ni mama yako?”

“Ulisema kaka.”

“Nilisema kaka.”

“Kaka, Sikander! Kaka ni ndugu yako! Mtu mliyenyonya naye ziwa moja! Mimi nilijua una kaka mkubwa Nairobi, kijana wa miaka thelathini na kitu, mkorofi mkorofi hivi. Hata nilimnunulia soksi za Krismasi!”

“Kwa Kikachi, lugha ya nyumbani kwetu, kaka ni mdogo wake baba.”

“Basi sema baba mdogo! Uko ndani ya Kiswahili, sema baba mdogo!”

“Ndivyo ninavyomwita tangu nizaliwe!”

Walitazamana. Kitu kama kicheko kilipanda kooni mwa Phyllis, kikafika nusu ya njia na kugeuka kilio. Akakaa sakafuni pale pale penye kiatu.

“Mama aliniuliza,” alisema. “Wiki iliyopita, tukijiandaa. Aliniuliza, ‘Huyo kijana wako ana watu Nairobi?’ Nikamwambia ana kaka mmoja, anaitwa Bahadur. Mama akasema, ‘Bahadur wako wengi, huyu wangu ni mzee wa miaka sabini.’ Tukacheka. Mimi nikamwambia, ‘Hapana mama, huyu ni kijana, na wao ni akina Madatali.’ Mimi ndiye niliyemwambia. Naye ameenda kuapa kwa maneno yangu.”

Sikander akachuchumaa mbele yake. Hasira aliyoingia nayo mlangoni ilikuwa imepotea, na hakujua aweke nini mahali pake. Aliingia kudai haki yake, sasa hakujua nani kamkosea nani. Jaji amesema uwongo bila kusema uwongo. Phyllis amemponza mama yake kwa kutafsiri vizuri neno lisilo lake. Na yeye, mwenye maneno mengi, alikuwa ameliweka bomu mezani na kuliita kaka.

“Watajua,” Phyllis alisema. “Yule wa tai nyekundu anajua tayari, ndiyo maana alicheka. Kesho atakuja na ukoo wako mzima, atasema jaji amedanganya akiwa kiaponi. Miaka ishirini na mitano mama amekaa kwenye kile kiti, hajawahi kuitwa mwongo.”

“Lakini yeye amejuaje? Habari ya pete nilimwambia baba peke yake.”

Phyllis aliinua uso. Alimtazama tu, na macho yale yaliyokuwa yakimyeyusha kila siku leo yalimfanya aione simu yake mfukoni kama kaa la moto.

Akampigia baba yake, mlio ukitoka kwa sauti wazi. Mzee Madatali alipokea akiwa dukani. Milango ya chuma ilisikika ikipandishwa.

“Sikander! Uko wapi? Mteja wa rangi anangoja.”

“Baba, ulimwambia Bahadur kaka habari ya pete?”

Mlango wa chuma ukaacha kulia.

“Nilimwambia. Ni mdogo wangu. Nimwambie nani mwingine?”

“Ulimwambia kwa furaha ama kwa huzuni?”

“Unauliza maswali gani asubuhi hii? Sikusema kwa furaha, sikusema kwa huzuni. Nilisema. Nilisema Sikander amepata msichana wa Kikristo, muuguzi, anaongea vizuri, mama yake ni jaji, anaitwa Kemunto. Bahadur akapiga kelele mpaka nikaiweka simu chini. Ndipo nikajua ni mama gani.”

“Na hukuniambia.”

“Nikuambie nini? Kwamba mdogo wangu alikaa ndani miezi mitatu bila kunyoa kwa sababu ya hukumu ya mama mkwe wako? Nilikuwa natafuta maneno.”

“Yeye hakutafuta. Ameyapeleka Bungeni.”

Mzee Madatali alivuta pumzi ndefu. “Ana rafiki yake huko, walisoma darasa moja. Alisema atamfundisha yule mama adabu. Nilidhani ni maneno ya mtu mwenye uchungu.” Kisha sauti yake ikashuka. “Msichana yuko hapo?”

“Yuko. Anasikia.”

“Mama,” mzee alisema, na neno hilo alilisema kwa adabu ya mtu aliyekulia Kenya, “nisamehe. Sina ubaya na wewe.”

“Sijambo mzee,” Phyllis alijibu, kwa vile kichwa chake kilikuwa kimevurugika na hilo ndilo neno lililokuja. Akafuta machozi kwa kiganja. “Nilitaka kusema, nimekusikia.”

Sikander alikata simu. “Nimemalizana naye Bahadur. Kuanzia leo sina baba mdogo. Hataiona harusi yangu, hataona watoto wangu, hata salamu—”

“Harusi gani?”

Aliuliza kwa upole, na upole ule ulimkata Sikander kuliko kelele zote.

“Phyllis.”

“Fikiria kidogo. Pete hii ikitoka, yule wa tai nyekundu hana hadithi. Mama atasema alikosea, uchumba haupo, wataona ni jambo dogo. Tuachane kidogo. Mpaka kura ipite.”

“Kidogo ni kiasi gani?”

“Sijui.”

“Na baada ya kura? Mama yako akiwa Naibu wa Jaji Mkuu, siku tutakaporudiana watasema nini? Watasema alificha. Itabidi tuachane kidogo tena mpaka astaafu. Kisha kidogo tena mpaka tuzeeke.”

“Sijui, nimekwambia! Unadhani nataka?” Aliishika pete, akaizungusha, ikakwama kwenye kifundo cha kidole. “Ninakupenda mpaka naona aibu mbele za wagonjwa, najikuta natabasamu nikiwabadilishia bandeji. Lakini yule ni mama yangu. Alinilea peke yake. Alikuwa anasoma majalada ya kesi huku ananisuka nywele. Nikuchague wewe, kisha nimwangalie na macho gani?”

Sikander alikuwa kijana aliyejibu kila kitu, aliyewahi kugombana na askari wa barabarani kwa beti za kutunga papo hapo, na leo ulimi ulikuwa umelala. Aliushika mkono wa Phyllis, akauweka kwenye shavu lake. Ulikuwa baridi. Dirishani, mti mmoja uliokuwa umebaki na majani mekundu ulikuwa ukiyaangusha uwanjani, na mwanamke wa Kibengali alikuwa akiyakwepa na kigari cha mtoto.

Kompyuta ikalia. Siyo Bunge; ilikuwa simu ya video. Jina kwenye kioo lilisema “Mama.”

Phyllis aliruka, akatengeneza nywele, akabonyeza. Uso wa Jaji Kemunto ulijaa kiooni: miwani imepandishwa kwenye paji, kikombe cha chai mkononi, na nyuma yake ukuta mtupu wa chumba kidogo.

“Nina dakika chache,” alisema. “Phyllis, umekunywa chai?”

“Mama, mambo yameharibika. Ni makosa yangu. Huyo Bahadur—”

“Najua. Karani wangu amenionyesha sasa hivi picha ya familia. Mzee wangu wa Ngara amekaa katikati, na kando yake kijana mwenye masikio makubwa. Nadhani masikio hayo yako hapo chumbani, nayaona yakichungulia.”

Sikander akasogea mbele ya kamera, akainamisha kichwa. “Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Kwa hiyo wewe ni Jalaludin.”

“Ndiyo, Mama. Na Bahadur ni baba yangu mdogo. Mimi nilimwita kaka, kwa lugha ya kwetu, na Phyllis akasikia kwa lugha yenu.”

Jaji alitua kikombe. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda Phyllis alidhani mama analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, mpaka miwani ikamwangukia puani.

“Kaka!” alisema. “Nimesikiliza kesi za wizi wa mabavu, za talaka, za urithi. Sijawahi kuangushwa na kaka.” Kisha kicheko kikaisha ghafla, kama mtu aliyefunga jalada. “Washauri wangu wananiambia nimwombe binti yangu avue pete. Wanasema kura zitatosha.”

Phyllis alikwishaanza kuivuta. Sikander aliona.

“Iache,” Jaji alisema. “Sijakuambia uivue. Nimekuambia wanayosema.”

“Lakini Mama, watakuita mwongo.”

“Kesho asubuhi nitarudi mbele ya kamati, kwa hiari yangu, niseme: jana nilisema kijana si wa ukoo ule, nilikosea, ni wa ukoo ule. Mimi huwaambia mashahidi kila siku kwamba kosa ni lako mpaka utakapolisahihisha. Wakininyima kiti kwa hilo, nitabaki na kiti nilichonacho. Kinanitosha. Lakini kuna swali watakaloniuliza, nami sina jibu lake. Kijana!”

“Naam, Mama.”

“Wataniuliza, je, hao watu wamekuja kwako? Nitasema nini? Kwamba wananiposea binti gizani, mkahawani, na mchana wananipeleka Bungeni? Mimi kesi ya yule mzee niliihukumu kwa sheria, rufaa ikaisha, sina kinyongo naye. Yeye anacho. Sitaki mwanangu aolewe kwenye nyumba ambayo mtu mmoja ndani yake amegeukia ukutani.”

“Mimi nimeshamkata, Mama. Nimemwambia Phyllis, yule si mtu wangu tena.”

“Ndiyo maana nakuuliza kama unampenda binti yangu, au unapenda kushinda.”

Sikander alihisi masikio yake yakiwaka. Jibu kali lilimjia, lenye vina kabisa. Akalimeza.

“Posa huletwa na wazee,” Jaji aliendelea. “Baba yako yuko huko, hawezi kufika. Nairobi una mzee mmoja tu. Huyo huyo. Simtaki aje na zawadi, simtaki aniombe radhi. Nataka abishe hodi mlango wa mbele, jua likiwaka, majirani wakiona, aseme amekuja kwa ajili ya mtoto wao. Akija, nitakuwa na la kuwaambia wabunge. Asipokuja, pete hiyo mtajua wenyewe cha kuifanya, wala sitawaingilia.” Kengele ililia mahali fulani nyuma yake. “Wananiita. Sema, kijana. Unaweza?”

Phyllis alikuwa amemshika kiwiko kwa mikono yote miwili. Sikander alimwona Bahadur: yule mzee mkaidi, aliyemfundisha kupanda baiskeli, aliyeacha kunyoa miezi mitatu, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa amemzika akiwa hai. Kumpigia simu kumtukana ilikuwa rahisi. Kumwomba ilikuwa kama kumeza msumari. Hakuwahi kumwomba mtu kitu, wala msamaha, wala mshahara, wala nafasi ya kupita. Na huyu alipaswa kumwomba akasimame mlangoni kwa adui yake.

Akasimama wima mbele ya kompyuta, mkono wa Phyllis mkononi mwake, akasema kwa sauti ambayo hata majirani wa ghorofa hiyo waliisikia:

“Mama, nakuahidi. Kesho, kabla hujatoka kwenda Bungeni, baba yangu mdogo atakuwa mlangoni kwako. Nitampigia sasa hivi, na akikata nitapiga tena, na akinitukana nitamwamkia. Nitamwomba, Mama, mimi Sikander, nitamwomba mpaka avae viatu.”